Filamu za Kutazama na Mama Mkwe

SWALI: Mhariri, assalamu aleikum. Mwisho wa wiki hutazama filamu nyumbani pamoja na watoto na mama mkwe, ambaye hapendi kusoma tafsiri chini ya kioo. Unatupendekezea zipi? – Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Anzeni na Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inayomhusu Jo, msichana mgonjwa mahututi anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, hata wanakijiji wakaungana kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Haifiki saa moja na nusu, lakini watayarisheni watoto mapema, kwa maana huzuni yake inachoma.

Watoto wakishalala, tazameni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, kuhusu mapenzi ya Yasmin na Denge katika Unguja ya miaka ya 1950, harakati za kudai uhuru zikipamba moto. Naamini mama mkwe atakifurahia Kiswahili chake, nami huipenda hasa kwa kutokuwa na pupa.

Nairobi Half Life (2012) ni nzuri mno, ila matusi na ujambazi uliomo haviwafai watoto, wala hamtastarehe kuitazama mbele ya mama mkwe.