Maswali ya Wasomaji: Kilima Kisicho na Jiwe Kinalindwa kwa Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Mwanafunzi wangu alinionyesha picha ya kilima cha majani kilichoko Thetford, Uingereza, kinachoitwa ngome ya Wanormani, nami sikuona ukuta wala jiwe. Je, kwa nini sheria ikilinde ilhali hakina jengo? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, jengo ni hicho kilima chenyewe. Walipoivamia Uingereza mwaka 1066, Wanormani, yaani watu wa Normandia kaskazini mwa Ufaransa, walihitaji ngome za haraka katika nchi iliyokuwa haijawatii bado. Kwa hiyo lilichimbwa handaki, mara nyingi kwa nguvu za wenyeji waliolazimishwa, na udongo wake ukarundikwa tabaka juu ya tabaka, kisha ukasimamishwa mnara wa mbao kileleni, na chini yake ukawekwa ua uliozungushiwa boma la magogo. Kitambaa cha tarizi cha Bayeux, kinachosimulia uvamizi huo kwa picha na chenye urefu wa karibu mita 70, kinawaonyesha vibarua na sepeto zao wakikirundika kilima cha Hastings.

Mbao zilioza zamani. Lakini nguzo ikiozea ardhini huacha duara la udongo mweusi, na mwanaakiolojia anayefukua taratibu kwa mwiko na brashi hulisoma duara hilo kama hati, akajua unene wa nguzo na mahali uliposimama mnara. Jembe likipita mara moja, duara limekwisha, wala hakuna fundi awezaye kulirudisha. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1979 inakataza kuchimba, kufukia au kujenga katika eneo lililoorodheshwa kuwa la kale bila kibali cha serikali, hata kama shamba ni lako, na kutafuta metali kwa kifaa bila ruhusa ni kosa. Kondoo hawana neno wakiwa wachache, maana majani mafupi hushika udongo. Wanaoharibu ni sungura wachimbao mashimo, pamoja na miti mikubwa inapong'olewa na upepo.

Nasi tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda majengo ya Bara yaliyojengwa kabla ya 1863. Nakusihi uwapeleke wanafunzi kwenye magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wenu, wayatazame makaburi ya nguzo, yaani makaburi ya kale yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe. Kwenye chokaa wataona vishimo vya mviringo, mahali palipopachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo kabla watu hawajayabandua, jambo linaloniuma kila ninapofika pale. Wapime upana wa kishimo kwa rula bila kukigusa, kwa kuwa hicho ndicho kilichobaki kutuambia bakuli lilikuwa na ukubwa gani.