Diski ya seva ikijaa, usikimbilie kununua nyingine

Msomaji mmoja kaniandikia juzi: "Kaka, nimekabidhiwa seva ya barua pepe ya ofisi, Postfix na Dovecot. Diski iko asilimia 97. Nimwambie bosi anunue kubwa zaidi?" Nimemjibu asithubutu. (Postfix ni programu inayopokea na kutuma barua; Dovecot ndiyo inayozitunza kwenye masanduku ya watu.) Jibu refu naliweka hapa, maana najua wengi wenu mnataka siku moja kushika seva ya watu mia na usiku mlale.

Niliwahi kuhudumia kampuni ya uwakala wa forodha Dar es Salaam. Pale kila mzigo una PDF zake: bili ya shehena, ankara, vibali. PDF ikiwa kiambatisho hunenepa kwa karibu theluthi, kwa sababu ya usimbaji wa Base64, yaani kugeuza faili kuwa herufi za kawaida ili lisafiri kwa barua pepe. Watumie wenzako kumi wa ofisini, na kwa kawaida seva inabeba nakala kumi na moja, ukihesabu ile iliyobaki kwako kwenye zilizotumwa. Nilieleza haya kikaoni, nikaomba kila sanduku liwekewe kwota, yaani kikomo cha ukubwa. Meneja mmoja akacheka: "Kijana, unataka kutupimia barua kama sukari ya mgao?" Ombi likafa palepale.

Kisha Jumatatu moja diski ikajaa pomoni. Hakuna aliyepokea kitu, hata mhasibu ambaye sanduku lake lilikuwa jepesi kuliko yote. Lawama zote kwangu. Nikatoa orodha ya masanduku kwa ukubwa: wakubwa wachache walikuwa wamekula zaidi ya nusu ya diski, na yule meneja akiongoza. Mpaka leo hajaniomba radhi, wala sisubiri. Basi, nasubiri kidogo.

Wiki ileile kwota zikapita bila mjadala. Tangu hapo anayejaza anakwama peke yake.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Kwota ya Dovecot iwekeni pamoja na onyo la asilimia 80 na jingine la 95, ili mtu ajue kabla hajakwama. Folda ya takataka ipeni nafasi ya ziada, hata MB 100. Programu nyingi za barua zikifuta ujumbe huunakili kwanza kwenye takataka, kwa hiyo sanduku lililojaa kabisa linaweza kukataa hata kufutwa! Nimeona watu wazima wakikaribia kulia kwa hilo.

Jingine, sanduku lililojaa likataliwe mlangoni. Washeni huduma ya quota-status ya Dovecot ili Postfix iulize kama sanduku lina nafasi kabla ya kupokea ujumbe. Mkipokea kwanza mkarudisha baadaye, majibu ya barua taka yatakwenda kwa watu ambao anwani zao zilighushiwa, na IP yenu (anwani ya seva mtandaoni) inaweza kuishia kwenye orodha nyeusi ya watuma taka. Wala msidanganyike na mailbox_size_limit, kikomo cha sanduku cha Postfix: kama barua zinafikishwa na Dovecot kwa LMTP (itifaki ya kuiachia Dovecot kazi ya kuziweka sandukuni), mpangilio huo hauangaliwi. Na aliyefuta faili za barua kwa mkono kwenye diski aendeshe amri ya doveadm quota recalc, la sivyo hesabu ya kwota inaweza kubaki ya zamani.

Kwa ndugu yangu wa asilimia 97: leo endesha du, amri ya kupima ukubwa wa folda, kwenye folda ya masanduku, panga kwa ukubwa, chapisha. Jina la bosi likiwa juu, usilisome kikaoni. Mpelekee ofisini kwake, na mlango uufunge.