Sinema bubu za vita: anza na nguo, maandishi baadaye

Ukianza kuchambua sinema bubu za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, macho yatakimbilia vibao vya maandishi vinavyotokea katikati ya matukio, maana ndivyo vinavyokutajia nani ni nani. Usiviamini haraka. Kibao kilikatwa kwa mkasi, kikabandikwa kingine, na mwigizaji asiitwe kuigiza upya hata siku moja.

Tazama The Cheat, filamu ya mwongozaji Cecil B. DeMille. Mwaka 1915 mwigizaji Sessue Hayakawa aliigiza humo tajiri wa Kijapani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, mkatili. Filamu iliporudi sokoni 1918, Japani na Marekani zilikuwa upande mmoja vitani, basi kwa vibao vipya tu akageuzwa mtu wa Burma. Majoho yake na mapambo ya nyumba yakabaki yaleyale ya Kijapani! Na nakala nyingi zinazozunguka leo ni za 1918, kwa hiyo anayesoma vibao peke yake anapotoshwa.

Ndiyo maana mimi huanza na nguo. Chukua Patria, mfululizo wa sehemu 15 ulioanza kuonyeshwa Januari 1917 kwa fedha za William Randolph Hearst, mwenye magazeti. Steringi ni Irene Castle, mcheza dansi ambaye wanawake wa Marekani waliiga hadi nywele zake fupi. Humo ni mrithi wa kiwanda cha silaha anayewindwa na wapelelezi wa Japani na Mexico. Hadithi imejaa chuki dhidi ya Wajapani, tena ya wazi, mpaka Rais Woodrow Wilson akalalamika na baadhi ya matukio yakaondolewa. Wengi walifuata mavazi ya Castle. Wito wa kujiandaa kwa vita wakaupata humohumo. Kwa hiyo kila tukio liandikie: amevaa nini, yuko na nani, hatari inaingia saa ngapi.

Kwenye visa vya fumbo, usiku mara nyingi ulipigwa mchana, kisha filamu ikatiwa rangi ya buluu. Ukipata nakala isiyo na rangi utaona mwizi ananyata jua likiwaka. Usimcheke mwongozaji.

Angalia na kasi. Kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, picha kama 16 hadi 20 kwa sekunde. Zikichezwa kwa 24, hata msiba unageuka kichekesho. Punguza kasi kwanza, ndipo useme waigizaji walikuwa wabovu.