Kabla ya Megawati, Uliza Habari za Sili

Tangu nirudi Mombasa baada ya miaka kadhaa ya ufundi wa mitambo ya baharini kaskazini mwa Uskoti, vijana wanaosomea uhandisi hunijia na swali lilelile: je, tabo zinazofua umeme kwa nguvu ya mkondo wa maji zinaweza kudumu miaka 25 chini ya bahari? Nami huwauliza kwanza kama wamewahi kusoma masharti ya sili za ekseli za tabo hizo, yaani mipira inayozuia maji kupenya ndani, maana wengi huwa wamesoma megawati tu.

Mtu wa pwani anajua jinsi bahari inavyokula chombo. Wazee walipaka majahazi deheni wakijua kwamba chombo kisichopandishwa pwani kikasuguliwa kitaota magamba na kuliwa na wadudu. Tabo haina nafasi hiyo ya kupandishwa kila msimu. Inasimama katika mkondo unaogeuka takriban kila baada ya saa sita, yaani mara 1,400 hivi kwa mwaka, na maji ya bahari ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800. Zaidi ya hayo, nguvu ya mkondo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake, kwa hiyo maji yakitoka mita 2 kwa sekunde hadi mita 3, nguvu huongezeka zaidi ya mara tatu. Anayekosea kidogo kupima mwendo hukosea sana kukadiria mzigo. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2009 katika Ghuba ya Fundy, Kanada, ambako mapanga ya tabo moja yalivunjika muda mfupi tu baada ya kushushwa, kwa kuwa mkondo ulikuwa na nguvu kupita ile iliyokadiriwa.

Hata hivyo, mapanga siyo yaliyonifundisha zaidi. Karakana niliyofanyia kazi ilipokea mtambo ulioletwa juu kabla ya wakati wake, na sote tulitazamia kukuta mapanga yameharibika. Yalikuwa na mikwaruzo tu. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya kwenye sili moja ya mpira, yakafika kwenye viunganishi vya nyaya, na kitu cha bei ndogo kikawa kimezima mtambo mzima. (Fundi mkuu wetu hakusema neno, alikiokota kipande kile cha mpira akakitia mfukoni.)

Hasara yenyewe haikuwa ya mpira, ilikuwa ya kuunyanyua mtambo. Meli yenye winchi inayofaa hukodiwa kwa siku, na kazi hufanyika katika kile kipindi kifupi ambacho maji yametulia kati ya kujaa na kupwa, tena afadhali wakati wa maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu, kuliko wakati wa bamvua, unapokuwa na nguvu. Upepo ukichafuka, meli inangoja na gharama inaendelea.

Sisemi kwamba haiwezekani. Bwawa la La Rance huko Ufaransa limefua umeme wa kupwa na kujaa tangu 1966, ingawa mitambo yake imo ndani ya ukuta ambamo mafundi hufika kwa miguu. Kwa mitambo iliyosimama wazi baharini, mfano ninaoutegemea ni mradi wa MeyGen, katika mlango wa bahari wa Pentland kaskazini mwa Uskoti, wenye tabo 4 za megawati 1.5 kila moja. Mojawapo imepita miaka 6 bila kuhitaji matengenezo ya dharura.

Kwa hiyo ukiletewa mradi wa aina hii, omba kumbukumbu za muda uliopita kati ya kunyanyuliwa kwa mtambo mara moja na mara ya pili. Uliza vipande vya zinki vya kuzuia kutu vitabadilishwa lini, na kama vinaweza kubadilishwa bila kunyanyua kila kitu. Kisha fungua mkataba, utafute ni nani atakayelipia siku ambazo meli imetia nanga ikingoja bamvua lipite.