Mwalimu mpya wa kisomo, mjue Helena Patursson

Mnaoanza kufundisha madarasa ya watu wazima, yuko mwanamke mmoja wa visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, ambaye nawaomba mmjue mapema: Súsanna Helena Patursson, mzaliwa wa Kirkjubøur mwaka 1864. Hakujulikana kwa kushika chaki. Hata hivyo, mbinu ninayoitegemea sana ni yake.

Enzi zake visiwa vilikuwa chini ya Denmark. Kanisani Kidenmark, shuleni Kidenmark. Kifaroe kilikuwa cha nyumbani, cha mashuani na cha tenzi ndefu zinazochezewa ngoma. Tahajia yake iliundwa 1846 tu. Wengi walisoma kwa lugha ya Wadenmark, ya kwao hawakuizoea kuiona kwenye karatasi.

Mwaka 1889 tamthilia yake ya Kifaroe ilichezwa Tórshavn. Mwaka 1905 akaanzisha Oyggjarnar, gazeti la kwanza la wanawake visiwani, likadumu hadi 1908. Humo alidai haki za wanawake, akawahimiza wajifunze kusoma na kuandika Kifaroe. Na humohumo akachapisha mapishi!

Msiyapuuze hayo mapishi. Mtu aliyepika samaki tangu utotoni anajua neno gani linafuata baada ya “chemsha”. Macho yanathibitisha tu kile ambacho kichwa kimeshakisema. Mimi huandika ubaoni “kaanga kitunguu mpaka”, na kabla sijageuka darasa zima limeshamalizia: kiwe cha kahawia! Kisha nawaita mmojammoja wafuatishe kwa kidole, herufi kwa herufi. Mama aliyekuwa anajificha nyuma ya mwenzake ndiye anayesahihisha: “Mwalimu, chumvi umeisahau.”

Lakini msiwafungie jikoni. Helena aliweka kitoweo na haki kwenye gazeti moja, na nadhani alijua anachofanya. Wakishaweza pishi, wapeni mkataba wa kupanga chumba, au kadi ya kliniki.

Wiki ya kwanza achaneni na a-e-i-o-u. Waulizeni jana walipika nini, muandike vilevile walivyotamka, hata kama ni lahaja ya kwao. Kiswahili sanifu kina zamu yake, mwezi wa pili hivi, wakati hakuna tena anayeogopa kuitwa ubaoni.