Saa kumi na moja ya alfajiri, siyo ya jioni: kutembeza mbwa njia ya Rillito, Tucson

Mkuu, usiwatoe hao mbwa saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja ni sawa kabisa, ila iwe ya alfajiri. Libadilishe hilo leo, kabla hujaanza kazi Jumatatu.

Kwa wanaopita tu: mleta mada kapata kazi ya kutembeza mbwa wawili, pug wa kilo 8 na husky wa kilo 25, kwenye njia ya mto Rillito, Tucson, jimbo la Arizona huko Marekani, mwezi huu wa Juni. Kauliza saa nzuri ya kutoka, viatu vya mbwa, kamba ya aina gani, namna ya kupishana na baiskeli, na adai malipo kiasi gani. Halafu kasema keshaamua: atatoka jioni "jua likishapoa", maana njia ni tambarare na ina lami safi. Na wachangiaji hapo juu wote wamemwitikia ndiyo, ndiyo.

Jamani, nani kawaambia jua la Arizona linapoa saa kumi na moja jioni? Wengi wetu tumekulia mahali ambapo jua huzama kwenye saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi, kwa hiyo saa kumi na moja kichwani mwetu ni saa ya upepo na vivuli virefu. Tucson mwezi wa Juni jua linazama saa moja na nusu. Saa kumi na moja jioni limebakiza saa mbili na nusu angani, na joto la hewa ndiyo kwanza liko kileleni au limeanza kushuka kidogo tu. Kwa mbwa huo ni mchana kamili.

Na hewa yenyewe ina nafuu ukilinganisha na lami. Hewa ikiwa nyuzi 25 tu za Selsiasi na jua limewaka, lami huweza kufika nyuzi 52. Hewa ikifika 30, lami inakwenda kwenye 57. Kwenye nyuzi 52 ngozi inaharibika ndani ya dakika moja. Sasa piga hesabu ya Tucson mwezi wa Juni, ambapo mchana nyuzi 38 ni jambo la kawaida. Katika miji hii ya jangwani lami ya kiangazi hufika nyuzi 70 na kuvuka. Pale Phoenix kuna hospitali ya majeraha ya moto, Arizona Burn Center, na kila kiangazi inapokea watu walioungua kwa kuanguka tu barabarani wakashindwa kuinuka upesi. Hao ni watu wazima, wamevaa nguo. Mbwa wako anasimama juu ya lami hiyo kwa nyayo nne, hana soli.

Hapo ndipo ushauri wa "subiri jioni" unapoua. Lami inanyonya jua tangu asubuhi, na ni nyeusi, ni nzito, haiachii joto haraka. Ni chungu kilichoepuliwa: moto umeondolewa, lakini ukikishika unaungua vilevile. Saa kumi na mbili jioni inaunguza. Jua likizama, bado ina moto. Alfajiri ni kinyume chake: lami imekuwa na usiku mzima wa kutema joto, hewa imeshuka hadi nyuzi ishirini na kitu, na jua linachomoza saa kumi na moja na robo. Ukiwa njiani saa kumi na moja na ukarudi mlangoni kabla ya saa moja asubuhi, umewatendea haki.

Kinachonikera zaidi ni wanaouza huu uongo. Ushauri wa jioni mimi niliupata kwa muuzaji wa duka la vifaa vya wanyama, akautia kwenye mfuko mmoja na viatu vya mbwa, bila hata kuuliza mbwa mwenyewe ni wa aina gani. Mtu anaishi hapo hapo jangwani! Anajua kabisa jioni yake yeye ni kutoka kwenye kiyoyozi cha duka kwenda kwenye kiyoyozi cha gari. Na programu ya hali ya hewa kwenye simu nayo usiitegemee kwa jambo hili. Kipimo kile kinachukuliwa kivulini, kwenye kisanduku chenye kupitisha hewa, karibu na usawa wa kifua cha mtu. Tumbo la pug liko kiasi cha shibiri moja kutoka ardhini. Anachomwa na jua juu na lami chini, na wewe simu inakuambia kumepoa.

Sasa kipimo chenyewe, na ukifuate kila siku hata ukiwa na hakika. Inama, weka mgongo wa kiganja juu ya lami, siyo ncha za vidole, uhesabu hadi saba polepole. Ukishindwa kufika saba, mbwa hakanyagi hapo. Pima kwenye lami tupu iliyo wazi, usipime chini ya mti wa mesquite ukajidanganya. Pima mwanzoni, halafu pima tena unapogeuka kurudi, maana nusu ya pili ya safari ndiyo inayounguza. Watu wanapima mlangoni, wanafurahi, wanakwenda mbali, halafu wanarudi jua likiwa limeshapanda na hawana njia nyingine.

Hapo ndipo utambarare unapodanganya. Ungekuwa unapanda kilima ungehema, ungesimama, ungegeuka mapema. Njia ya Rillito ni sehemu ya mtandao wa njia unaoitwa The Loop, zaidi ya kilomita 200 kuzunguka Tucson, na unaweza kutembea kilomita nne bila kuhisi umefanya chochote. Jasho lako linakauka kabla halijatiririka kwa ukavu wa hewa, kwa hiyo hata mwili wako hausemi kitu. Mto wenyewe ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, kingo zimejengwa kwa udongo na saruji, na kuna vipande virefu visivyo na kivuli isipokuwa chini ya madaraja. Maji yapo kwenye bustani kama Brandi Fenton na Rillito. Katikati hapo usitegemee kupata. Kwa hiyo hesabu kwa saa, usihesabu kwa umbali: husky dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, pug kumi kwa kumi. Ndiyo, maana yake unawatoa kwa zamu. Usimkokote pug kwa mwendo wa husky.

Pug nikueleze vizuri, kwa sababu huyo ndiye atakayekufia mkononi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, hewa ikipita juu ya ulimi na puani na kubeba unyevu. Pug, bulldog na boxer wana pua fupi, njia ya hewa imebanwa, kuhema kwao hakupozi ipasavyo. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likivuka 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Dalili za kuzidiwa na joto kwa kawaida ni hizi, uzikariri: ulimi unatoka nje na kupanuka ncha kama kijiko, ufizi unakuwa mwekundu sana, mate yanakuwa mazito ya kuvutika, anaanza kukuvuta kuelekea kila kivuli au analala chini na kugoma. Watu wengi hapo wanavuta kamba, wanasema mbwa ana kiburi. Akigoma, safari imeisha. Mbebe. Kilo 8 unaziweza. Kinachofuata ni kuyumba, kutapika, kuharisha, kuanguka.

Ikifika huko, mpoze kwanza, gari baadaye. Mwingize kivulini, mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, umpepee au umweke mbele ya kiyoyozi cha gari huku mkielekea kwa daktari wa wanyama. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, linageuka blanketi la mvuke. Usimlazimishe kunywa. Na angalizo ambalo hutaliona kwenye vitabu vya nchi za baridi: mpira wa kumwagilia bustani uliolala juani Tucson una maji ya kuunguza ndani yake. Yaache yamwagike pembeni mpaka yapoe, uyapime kwa mkono, ndipo umwelekeze mbwa. Ukiwa na kipimajoto, acha kupoza akifika nyuzi 39 na nusu, la sivyo atateremka kupita kiasi. Na hata akiinuka akatikisa mkia, mpeleke. Figo na kuganda kwa damu huharibika taratibu, madhara yanaweza kujitokeza siku ya pili au ya tatu.

Viatu. Umesema umeshanunua jozi mbili. Vinasaidia nyayo zisiungue, hilo sikatai, na vinasaidia dhidi ya mbigili. Ndiyo, mbigili zile zile za nyumbani zimejaa pembeni mwa njia hii, waendesha baiskeli wanazilaani kila siku. Lakini viatu havipunguzi joto la mwili hata nukta moja, na vinafunika zile nyayo ambazo ndiyo sehemu pekee ya kutoka jasho kidogo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba vinakuondolea wewe woga. Ukimvisha mbwa viatu utaona umeruhusiwa kutoka saa kumi na moja jioni. Hujaruhusiwa. Kama lami inahitaji viatu, hewa juu yake haimfai mbwa.

Na usikubali atakayekushauri kumnyoa husky. Manyoya yale yana tabaka mbili, la nje linakinga jua lisifike kwenye ngozi. Mchane tu hadi lile la ndani linalopukutika litoke.

Kuna waliosema hapo juu, basi toka usiku kabisa, saa tatu, saa nne. Kiangazi usiku ndiyo saa ya nyoka. Nyoka wa njuga hukimbia joto la mchana na kutoka jua likizama, na hupenda kulala juu ya lami yenye joto. Mvua za kiangazi zikianza, kwa kawaida mwezi wa Julai, anatoka chura mkubwa wa jangwa la Sonora, mnene wa kujaza kiganja, ana tezi za sumu nyuma ya macho na miguuni. Mbwa akimng'ata au hata kumlamba, anatoka povu, anatetemeka, anaweza kufa. Ikitokea, mwelekeze mdomo chini, suuza ufizi na ulimi kwa maji yanayoingia upande mmoja na kutoka mwingine, yasiende kooni, kisha mbio kwa daktari. Chura huyo anaweza kuwa bado yupo nje kabla hakujapambazuka, kwa hiyo katika miezi ya mvua beba tochi na umweke mbwa mbali na madimbwi. Hata hivyo alfajiri inabaki kuwa bora kuliko saa nyingine yoyote.

Beba lita moja ya maji kwa husky na nusu lita kwa pug, na bakuli la kukunja. Wape kidogo kila baada ya dakika kumi, hata kama hawaombi. Beba chanuo lenye meno mapana na koleo ndogo kwa ajili ya miiba ya cholla, aina ya kakati (dungusi) wa jangwani ambaye vipande vyake hunasa mwilini. Kile kipande cha kakati usikiguse kwa mkono, kipitishie chanuo katikati yake na ngozi, ukirushe mbali, miiba iliyobaki uing'oe kwa koleo. Usiwaache wafukue udongo mkavu, kuna kuvu ndani yake unaosababisha homa ya bonde (Valley fever, ugonjwa wa mapafu, siyo ile ya Bonde la Ufa), na mbwa wanaugua sana kama watu.

Kamba: sheria ya Arizona ni isizidi futi 6. Ile ya kujikunja na kujikunjua achana nayo. Mbwa akae upande wako wa kulia, mbali na baiskeli, na palipo na njia ya udongo kando ya lami, tumia hiyo.

Mwandikie mwenye mbwa leo. Mwambie: Juni hadi Septemba natembeza saa kumi na moja alfajiri, na lami isipopita kipimo cha mkono sitoki. Mwenye mbwa wa Tucson atakuelewa. Akisema lazima jioni, mkubalie dakika tano za haja uani, penye nyasi na kivuli, maana changarawe nazo zinachoma, halafu mrudi ndani mcheze kuvutana kamba sebuleni kwenye kiyoyozi mpaka muda uishe. Huo nao ni muda wa kazi, uandike kwenye hesabu yako kama matembezi kamili.