Kadi ya dhahabu ya mwenzako na kitanda chako cha Kilimani

MUULIZE SHANGAZI WA MAPOKEZI

*Shangazi, shikamoo. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Kila mwezi napanda treni mara mbili kuja Nairobi kufuatilia makaratasi ya wateja, na kila safari nalala usiku mmoja. Kampuni hunipa posho ya Sh15,000 ya kulala na kula, nikibakisha ni yangu. Mwaka wa tatu sasa nalala hoteli moja ndogo Kilimani, vyumba kumi na vinne tu, Sh8,500 pamoja na kiamshakinywa. Wananijua kwa jina. Sasa kuna mwenzangu ofisini ana kadi ya dhahabu ya hoteli za kimataifa. Ananicheka, ati natupa pesa, kwamba siku zangu 24 za mwaka zingenipa pointi nikalala bure. Nihame au nibaki? — Msafiri wa Madaraka, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Kwanza, huyo mwenzako bili yake analipa nani? Bila shaka hujamuuliza. Nimesimama nyuma ya kaunta za mapokezi jijini hapa miaka kumi na saba, nikianzia loji ya ghorofani River Road na kumalizia kwenye kaunta ya marumaru karibu na Kenyatta Avenue, na wenye kadi za dhahabu niliowapokea karibu wote walilipiwa na ofisi zao. Kampuni inatoa pesa, pointi zinamwingia aliyelala. Mtu wa namna hiyo ukimwambia chumba ni elfu thelathini hapepesi jicho. Wewe unachobakisha kwenye posho ndicho karo ya watoto. Ninyi wawili hamchezi mchezo mmoja.

Hebu tupige hesabu. Tuseme umepata chumba Westlands kwa Sh20,500, kodi ikiwa ndani. Toa VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, inabaki kama Sh17,400. Pointi huhesabiwa kwenye hicho kilichobaki. Kodi haikuzalii kitu. Dola ikiwa Sh129, hapo una dola 135. Marriott Bonvoy, mpango wa uanachama wa hoteli za Marriott, hutoa pointi 10 kwa kila dola katika hoteli zake nyingi, kwa hiyo usiku mmoja ni pointi 1,350, na siku 24 ni kama 32,000. Ukivuka siku 10 unapanda daraja la Silver na wanakuongezea asilimia 10 kidogo kidogo, basi tuseme 34,000. Pointi moja thamani yake hupanda na kushuka kulingana na hoteli na tarehe, lakini mara nyingi haifiki senti moja ya dola. Mimi huipigia senti 0.7, wala si mchoyo. Jumla yake ni Sh30,000 na ushee, yaani usiku mmoja na nusu katika chumba kilekile.

Na umezipataje? Kwa kuongeza Sh12,000 kila usiku juu ya bei yako ya Kilimani. Mara 24, hizo ni Sh288,000. Posho yenyewe haitoshi hata kitanda, achilia mbali chakula. Unalisha ng'ombe gunia zima ili akukamulie kikombe.

Kuna na kichekesho. Daraja la Gold kwa Marriott linataka siku 25 kwa mwaka. Wewe unazo 24! Hata ungeongeza hiyo moja, Gold hailishi mtu. Utapewa chumba bora kidogo kikiwepo, na ruhusa ya kutoka saa nane mchana nafasi ikipatikana. Habari ya kiamshakinywa cha bure huanza Platinum, siku 50, na hata huko si katika kila aina ya hoteli zao. Kwa Accor, kundi jingine kubwa la hoteli, Silver ni siku 10 na Gold ni 30, nako pia unaishia njiani. Mwenzako akikuonyesha picha ya mayai na soseji za bure, muulize ni siku ngapi hakulala kwake mwaka huo.

Kitu kingine ambacho wenye kadi hawakisemi, kwa kuwa wengi hukijua wakiwa tayari wamechelewa. Usiku mmoja, kama saa tano hivi, aliingia bwana mmoja amelowa mvua, begi la magurudumu nyuma, akaiweka kadi yake juu ya kaunta taratibu kama mtu anayeweka turufu. Nikafungua nafasi yake kwenye kompyuta. Ilikuja kupitia mtandao wa kuuza vyumba, ile ya kutafuta bei nafuu, na pesa ameshawalipa wao. Ilibidi nimwambie kwamba pointi hazitaingia, usiku huo hauhesabiwi kwenye daraja lake, na chumba bora sina amri ya kumpa. Alinitazama kama niliyemwibia. Kwenye mipango karibu yote mikubwa sharti ni hilo: uweke nafasi moja kwa moja, kwa tovuti au programu yao ya simu au kwa kuwapigia, namba yako ya uanachama ikiwa ndani. Wakala wa safari wa kampuni akikununulia kupitia mlango mwingine, umelala tu.

Na majina, jamani. Ninyi watu wa Pwani mna majina matatu na kila karatasi imeyapanga kivyake. Nimewahi kuona mgeni mmoja ana akaunti tatu: moja Said Mohamed, moja Mohamed Said Ali, ya tatu Mohammed yenye m mbili katikati. Siku zake zilitawanyika kama kuku wa jirani. Ukijisajili popote, andika kama kitambulisho kilivyoandika, herufi kwa herufi, na risiti usiitupe mpaka uone pointi zimeingia.

Sasa tuje kwenye hoteli yenyewe, maana hapo ndipo ningeanzia hata kama pointi zingekuwa zinagawiwa bure kama peremende.

Umeniambia bei na umeniambia wanakujua. Hujaniambia unalalaje. Kilimani ya leo si ile ya nyumba za mabati mekundu na miti ya jakaranda. Mtaa uliokuwa kimya mwaka juzi, leo una baa juu ya paa inayopiga muziki kuanzia Alhamisi, na ng'ambo yake jengo la ghorofa kumi na tano ambalo mafundi wake huanza kugonga vyuma saa moja asubuhi. Westlands ni vivyo hivyo, hasa pande za Woodvale Grove. Hoteli ndogo haina ghorofa ya ishirini ya kukukimbizia. Ikiwa vyumba ni kumi na vinne, pengine saba vinatazama barabara, na ukipewa kimojawapo Ijumaa, mito yote miwili utaiweka masikioni. Kwa hiyo ukiweka nafasi usiulize tu "kuna chumba?" Uliza kipo upande gani, ghorofa ya ngapi, na jenereta imekaa wapi. Hilo la jenereta watu husahau. Stima ikipotea saa nane za usiku, hoteli yenye jenereta chini ya dirisha lako ni afadhali ingebaki gizani.

Pima na safari. Treni yako inakushusha Syokimau. Tangu barabara ya juu ifunguliwe mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, watu wa teksi wanakufikisha Westlands upesi kuliko Kilimani, ila ushuru wake ni juu yako. Makaratasi unayafuatilia wapi? Kama ni mjini katikati au Upper Hill, Kilimani inakufaa. Kama ni Embakasi kwenye bohari za makontena, mwanangu, mbona unavuka jiji zima kwenda kulala?

Kuna hoteli zenye sura yake na pointi ndani. Ndilo jambo ambalo ningetaka mwenzako akueleze badala ya kukucheka. Kampuni kubwa ziligundua kwamba watu wamechoka na vyumba vinavyofanana kuanzia Dubai hadi Chicago, zikaanza kuzikusanya hoteli za namna ya pekee bila kuzibadilisha majina. Marriott wanaziita Autograph Collection, na Sankara ya Westlands iko humo. Norfolk, iliyoanza mwaka 1904, iko chini ya Fairmont, ambayo ni ya Accor, kwa hiyo pointi zake ni za huko. Si ndogo, ila ukiketi pale baraza ya mbele huwezi kusema upo hoteli ya kawaida. Stanley, ya tangu 1902, ni ya Sarova, kampuni ya hapahapa, na mpango wao unaitwa Zawadi. Zote tatu zitaimeza posho yako. Lakini mara moja kwa mwaka, wikendi, hoteli za wafanyabiashara zikiwa zimepungukiwa na suti, mlete mama watoto.

Na usiziamini pointi kama shamba. Zamani nilikuwa na kadi ya supamaketi moja kubwa, nikalimbikiza, nikalimbikiza, nikiwazia friji. Supamaketi ikafunga milango na friji ikabaki ndoto. Hoteli za kimataifa hazifi kirahisi hivyo, ila huhama. InterContinental ilifunga hapa mjini mwaka 2020. Hilton, ule mnara wa mviringo uliofunguliwa 1969, ulizimwa taa mwisho wa Desemba 2022. Mwenye pointi za Hilton hakuzipoteza, kwa sababu mpango ni wa dunia nzima. Lakini aliyezoea kushuka na lifti na kutokea moja kwa moja mjini, sasa lazima aitafute Hilton nje ya katikati ya jiji.

Kwa hiyo baki Kilimani, kama usingizi ni mzuri. Ila usibaki bure kama ulivyobaki miaka hii mitatu! Kwa hoteli ya vyumba kumi na vinne, mtu wa siku 24 kwa mwaka ni mgeni wa kubembelezwa, na wewe umekaa kimya kama uliyekopeshwa. Safari ijayo usiongee na kijana wa mapokezi, hana amri, atakuchekea tu. Omba kuonana na meneja, asubuhi baada ya wageni kutoka, si jioni watu wakiwa foleni. Mwambie: "Mwaka jana nimelala hapa siku 24, nimewaletea zaidi ya laki mbili. Mwaka huu nataka tuandikiane." Omba usiku wa kumi na moja uwe bure. Akisita, usigombane, omba visivyomgharimu sana: chumba cha nyuma kila ukija, na siku unayorudi na treni ya saa nne usiku, uruhusiwe kukaa chumbani hadi alasiri badala ya kufukuzwa saa tano asubuhi na begi lako. Hiyo peke yake ni zaidi ya anayopata mwenye Gold, kwa kuwa ya kwake ni "nafasi ikipatikana" na yako ni ya ahadi. Yaandikwe kwa baruapepe, kwa sababu mameneja nao huhama.

Ukipandishwa cheo kampuni ikaanza kulipa bili yenyewe, au ukianza kutumwa Kampala, Kigali na Dar es Salaam, niandikie tena. Jibu litakuwa jingine kabisa. Hata leo kujisajili ni bure, jisajili. Ila ukiwa unalipa mwenyewe, tofauti ya bei ikizidi Sh1,500 kwa usiku, mimi pointi siziangalii.

*Shangazi, nina pointi za Accor kama 2,300 za tangu nilipokuwa nasafiri na shirika. Sasa sisafiri. Nizihifadhi? — Mama wa Milimani, Kisumu*

Usihifadhi. Akaunti ya Accor ikikaa miezi 12 bila shughuli, pointi zinafutika. Pointi 2,000 ni euro 40 za kupunguza bili. Tafuta usiku mmoja wa bei ya chini katika hoteli yao yoyote, zitumie, hizo 300 ziache zife kwa amani.

*Shangazi, ni aibu kuomba kuona chumba kabla ya kulipa? Mume wangu huniziba mdomo. — Bibi arusi wa zamani, Nakuru*

Aibu ya nini? Sisi wa mapokezi tulikuwa tunawaheshimu zaidi walioomba. Mimi nikifika hoteli ndogo nisiyoijua, naacha mkoba kwa kaunta, napanda, nafungua bomba la maji moto na kuanza kuhesabu. Nikifika mia mbili maji bado ni ya Mto Ewaso Nyiro, nashuka. Halafu nakaa ukingoni mwa kitanda, nafunga macho, nasikiliza. Siku moja nikasikia mtu wa chumba cha pili akitafuna karanga. Nilishuka bila hata kumaliza kuhesabu maji.